Miaka Minne ya Kuhesabu Uniti

Skrini iliandika kilomita 97. Kufika nyumbani zilibaki kilomita 64. Ilikuwa wiki ya tatu tangu tununue gari la umeme, saa mbili usiku, mvua inanyesha, binti yetu amelala kiti cha nyuma na mume wangu pembeni yangu ananiuliza kama tupite kituoni kwanza tuongeze chaji. Nikamwambia hakuna haja, tuna akiba ya kilomita zaidi ya thelathini. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Kilomita 30 za mwanzo zilikuwa barabara kuu. Niliendesha kama nilivyozoea kuendesha gari la mafuta, kilomita 110 kwa saa, waipa zinakwenda, hewa ya moto inapuliza kioo cha mbele kisishike ukungu. Tulipoiacha barabara kuu chaji ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 38 hadi 22, na zile kilomita 97 zimekuwa 52. Nilikuwa nimetembea 30, gari limenikata 45. Na mbele yetu kulikuwa na mlima.

Mlima ule una kilomita 18 za kupanda, mita 700 hivi kwenda juu. Nilizima kiyoyozi, nikazima hewa ya kioo, nikawa nafuta ukungu kwa kitambaa huku naendesha. Asilimia zilikuwa zinadondoka mbele ya macho yangu: 17, 14, 11. Ilipofika 8, tarakimu za kilomita zikafutika kabisa, vikabaki vistari vitatu. Mume wangu hakusema neno. Alikuwa amegeuka nyuma anamfunika mtoto kwa koti, na nilijua anapiga hesabu ya kulala njiani. Tulifika kileleni na asilimia 5. Kutoka pale kuna kilomita 16 hadi kwetu, nyingi za kuteremka taratibu, na mteremko ule ndio uliotuokoa, kwa sababu mota ilikuwa inarudisha chaji kidogo kidogo kila nilipoinua mguu. Niliingia getini na asilimia 3, mikono inatetemeka.

Kesho yake mume wangu alichukua karatasi akaanza kuandika, na karatasi ile ndiyo iliyonifundisha kuendesha. Betri ya gari letu ni ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40, zilezile uniti tunazohesabu kwenye mita ya umeme wa nyumbani. Gari lilikuwa limekwishatumika miaka miwili tulipolinunua, kwa hiyo zilizokuwa zinapatikana kweli zilikuwa kama 36 au 37. Asilimia 38 ya hizo ni uniti 14. Wiki nzima nilikuwa naendesha mjini, kwa mwendo wa polepole, na gari lilikuwa linakula uniti 14 hadi 15 kwa kilomita 100. Likachukua mwenendo huo wa wiki, likagawanya, likanipa 97. Halikujua kwamba naingia barabara kuu. Halikujua habari ya mvua wala ya mlima. Kilomita zile zilikuwa za njia niliyokwisha kuipita.

Njia niliyokuwa naiendea ilikuwa na hesabu yake. Barabara kuu kwa mwendo wa 110 huku mvua ikinyesha ilikula karibu uniti 20 kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita 30 zikamaliza uniti 6. Kuinua kilo 1,800, yaani gari, sisi watatu na mizigo, mita 700 kwenda juu, kunataka uniti tatu na nusu hivi kabla hujahesabu upepo, tairi na joto linalopotea kwenye mota. Ukijumlisha yote, mlima peke yake ulikula uniti 6 nyingine. Kumi na nne toa kumi na mbili. Nilipoona hesabu ile imeandikwa nilijua kwamba usiku ule tulifika kwa sababu nyumba yetu iko chini ya kilele. Ingekuwa upande ule mwingine, tungelala barabarani na mtoto.

Tangu siku hiyo nimeacha kuangalia kilomita. Naangalia asilimia, naigeuza kuwa uniti kichwani, halafu naiuliza njia inataka ngapi. Namwambia hivyo kila anayeniomba ushauri, kabla ya neno lingine lolote.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba mwendo ndio mlaji mkubwa. Ukizidisha mwendo, ukinzani wa upepo huongezeka kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kutoka 80 kwenda 110 upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu karibu mara mbili. Sheria hiyo ni ya magari yote, lakini kwenye gari la mafuta huioni vizuri. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, na tangi lina nishati nyingi mno kiasi kwamba huwezi kuhisi upotevu huo. Lita moja ya petroli ina karibu uniti 9. Betri yangu nzima, ile inayojaza sakafu yote ya gari na kuwa na uzito wa mamia ya kilo, ina nishati ya lita nne na nusu za petroli. Nilipoielewa tarakimu hiyo nilikaa nikiifikiria. Naendesha kilomita zaidi ya 200 kwa nishati ambayo ingeingia kwenye kidumu kidogo. Mtu anayebeba maji kwenye kidumu kidogo lazima ajue wapi yanamwagika.

Kiyoyozi watu wanakiogopa bure. Kikishapoza gari, kinakula chini ya uniti moja kwa saa. Hewa ya moto ndiyo ya kuangalia, hasa kwenye magari yanayopasha hewa kwa koili kama ile ya birika, maana gari la umeme halina injini ya kukupa joto la bure. Waendeshaji wa nchi za baridi wanaweza kupoteza robo ya safari yao, wakati mwingine zaidi, kwa sababu hiyo na kwa sababu betri yenyewe ikipoa hupungua nguvu. Mimi nimezoea kuwasha kiyoyozi dakika kumi kabla ya kuondoka, gari likiwa bado kwenye waya. Ubaridi wa kwanza, ule unaokula sana, unalipwa na soketi badala ya betri.

Sasa niseme habari ya soketi, maana hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo lingeweza kutuchomea nyumba.

Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nachaji kwa soketi ya kawaida ya ukutani, kupitia ekstensheni niliyoipitisha dirishani. Waya ulikuwa mrefu kuliko nilivyohitaji, basi uliobaki niliuacha umekunjwa kwenye kibao chake. Soketi ya kawaida kwa ampea 10 inatoa uniti mbili na kidogo kwa saa, na kwa kuwa siku yangu ya kawaida ni kilomita 45, uniti 7 hivi, saa tatu au nne zilitosha. Niliridhika. Usiku mmoja niliamka kwenda kunywa maji nikasikia harufu. Haikuwa harufu ya moto. Ilikuwa kama ya ndoo ya plastiki iliyoachwa karibu na jiko. Niliifuata hadi dirishani. Kibao cha ekstensheni kilikuwa cha moto kiasi kwamba sikuweza kukishika. Nilizima swichi ya ukutani, nikachomoa plagi. Pini moja ilikuwa imegeuka rangi, buluu inayoelekea nyeusi, na plastiki iliyoizunguka imelainika na kuvimba kama ngozi iliyoungua. Nilikaa sakafuni pale dirishani mpaka ikapoa, nasikiliza pumzi za mtoto chumba cha pili.

Fundi umeme aliyekuja asubuhi aliigeuzageuza plagi ile mkononi, akaniambia, "Mama, birika unalichemsha dakika tano. Hili gari linavuta umeme kama birika, lakini linavuta usiku kucha. Soketi hii haikutengenezwa kwa kazi hiyo."

Akanieleza kwamba ndani ya soketi kuna visahani vya chuma vinavyoibana pini. Vikilegea, umeme unapita kwa shida, na pale penye shida ndipo joto linapozaliwa. Joto linavilegeza zaidi. Halafu ule waya uliokunjwa haukuwa na pa kupumulia. Aliniwekea laini ya peke yake kutoka kwenye bodi kuu, waya mnene wa milimita za mraba 6, bureka yake ya ampea 32, na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Sasa gari linavuta uniti sita na nusu kwa saa na nikigusa plagi katikati ya usiku ni ya uvuguvugu tu. Bado naigusa. Kila usiku naigusa kabla ya kulala, na sijali anayeniona.

Mwenye gari la umeme asiyekuwa na sehemu yake ya kuchajia, gari likiwa limelala, namhurumia. Shemeji yangu alipenda gari letu akanunua la kwake, zuri kuliko la kwetu, lenye betri kubwa. Anaishi ghorofa ya nne, na maegesho ya jengo lao hayana hata soketi moja. Alikuwa analipeleka kituoni mara mbili kwa wiki, anakaa saa nzima, wakati mwingine anakuta foleni. Baada ya miezi minane aliliuza. Watu walisema gari la umeme limemshinda. Mimi nilikuwepo na najua kilichomshinda ni usiku. Faida yote ya gari hili iko katika kuchomeka ukiingia ndani na kuchomoa ukitoka, bila kufikiria. Ukilitumia kama la mafuta, la kwenda kujazwa mahali, umebaki na usumbufu peke yake. Mtu akiniuliza aina gani ya kununua, namuuliza kwanza litakuwa linalala wapi.

Vituo vya chaji ya haraka vina adabu zake, na nilizijifunza baada ya kuaibika. Siku moja nilikuwa nimechomeka kwenye mashine ya kilowati 50, nimefika asilimia 94, nasoma simu. Dereva mmoja wa teksi alikuwa anasubiri nyuma yangu. Alikuja dirishani akanisalimia kwa upole, "Dada, samahani, unakwenda mbali leo?" Nikamwambia hapana, naelekea nyumbani, nasubiri ijae tu. Akanionyesha simu yake: asilimia 6. "Hapo ulipo," akasema, "unapokea kidogo sana sasa. Mimi nikichomeka dakika hizohizo nitapata mara tano ya unachopata."

Nilichomoa palepale, na alikuwa anasema kweli. Kutoka asilimia 15 hadi 80 gari langu linachukua kama dakika 40. Kutoka 80 hadi 100 linaweza kuchukua karibu muda huohuo. Ndani ya betri, chembe za lithiamu zinahama kutoka upande mmoja na kujipenyeza kwenye tabaka za upande wa pili. Mwanzoni nafasi ni nyingi. Mwishoni ni kama kujaza gunia, unamimina kidogo, unatikisa, unamimina tena, na ukilazimisha, lithiamu inaganda juu badala ya kuingia ndani, na ikishaganda imeharibu betri. Kwa hiyo gari lenyewe linapunguza kasi ya kupokea. Kwenye chaji ya haraka siku hizi naondoka kwenye 80, na nikiona mtu nyuma yangu ana asilimia ndogo na mimi nina za kunifikisha, naondoka kabla ya hapo.

Dereva yule wa teksi ndiye pia aliyeniambia nisichaji kwa haraka mara mbili mfululizo siku ya joto. Gari langu halina maji ya kupoza betri, linategemea upepo wa njiani. Mara ya kwanza betri inapata joto, ukiendesha mwendo mkali inazidi, na ukifika kituo cha pili inapokea nusu ya kawaida ili isijiunguze. Nimelipitia hilo mara moja katika safari ndefu, na saa moja niliyoitegemea ikawa mbili. Anayesafiri mbali mara kwa mara atafute gari lenye mfumo wa kupoza betri kwa maji. Hilo ni muhimu kuliko ukubwa wa skrini na mengine yote wanayoyatangaza.

Asubuhi iliyonisumbua kuliko zote, gari lilikuwa na asilimia 92. Binti yangu alikuwa na mtihani. Nilibonyeza rimoti, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Ndani ya rimoti kuna ufunguo mwembamba wa chuma ambao sikuwahi kuutoa, nikautoa, nikafungua mlango kwa mkono. Taa za dashibodi zilipepesa mara moja kwa udhaifu, kukasikika mlio wa tik-tik-tik, halafu giza. Jirani yetu alisimama pale anashangaa. "Jirani, si ulilichaji usiku kucha?"

Nilikuwa nimelichaji. Iliyokufa ilikuwa betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida kabisa kama ya gari lolote. Wengi hawajui kwamba iko. Betri kubwa imefungiwa nyuma ya swichi nzito kwa ajili ya usalama, na swichi hizo huwashwa kwa umeme wa betri ndogo. Betri ndogo ikifa, uniti zote thelathini na kitu ziko chini ya miguu yako na huwezi kuzifikia. Fundi wa jirani alipima akakuta volti 9.8. Alipoinama kutaka kufuata nyaya za rangi ya machungwa nilimshika mkono, nikamwambia, "Hizo usiguse, fundi, zina volti zaidi ya 350." Tukaishtua ile ndogo kwa gari la jirani, chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha bodi. Dakika moja haikuisha gari likaamka kama vile halijafanya lolote. Mtoto alifika mtihani umeshaanza, lakini aliruhusiwa kuingia.

Nilikuja kujua kwamba niliiua mwenyewe. Betri ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka minne, na mimi nilikuwa na mazoea ya kufungua programu ya simu kila mara kuangalia chaji. Kila ukiangalia, unaiamsha kompyuta ya gari, na inayoilisha kompyuta ni betri ndogo. Niliweka mpya, nikapunguza kuangalia. Nina kifaa kidogo cha kushtulia ndani ya gari, na kwa kuwa mwongozo unakataza kutumia gari hili kushtua magari mengine, nawaambia majirani mapema ili wasione ni choyo.

Mume wangu alikuwa anayaita magari haya teknolojia changa. Alikaa kimya nilipomsomea kwamba gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani, mwaka 1899, lilikuwa la umeme, likiendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy. Sasa yeye ndiye anayelipenda kwa jinsi linavyoondoka, maana mota inatoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Lakini nguvu hiyo ina gharama. Tairi zangu za mbele ziliisha mapema kuliko za gari lolote nililowahi kumiliki, kwa sababu gari ni zito na tulikuwa tunaondoka kwa pupa. Na halina tairi la akiba, lina chupa ya gundi na pampu tu. Tuliongeza tairi la akiba wenyewe.

Breki nazo ni kinyume. Ukiinua mguu, mota inageuka jenereta, inalipunguza gari mwendo na kurudisha chaji. Kilomita zaidi ya 60,000 na pedi za breki bado nene. Ila fundi alipozifungua alikuta diski zina kutu, kwa kuwa hazitumiki. Akaniagiza niwe nakanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa kwa wiki, barabara ikiwa tupu, ili zijisugue.

Kuna siku hata urejeshaji huo ulinigomea. Tulilala kwa mama mkwe wangu, nyumba yake iko juu ya kilima, nikachaji usiku hadi 100 nikiamini nafanya vizuri. Asubuhi nikaanza kuteremka, nikainua mguu kama kawaida, na gari likaendelea kuteleza bila kupungua. Moyo uliruka. Nikakanyaga breki, zikashika, nikapumua. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudi, kwa hiyo mota haikuvuti. Mtu aliyezoea kuendesha kwa pedali ya mwendo peke yake anaweza kuchelewa kufika kwenye breki. Kwa mama mkwe sasa naishia 85, na mteremko unaniongezea wenyewe. Si umeme wote unaorudi, mlima unarudisha kama thuluthi mbili za ulichokopa, lakini ni umeme nisioulipia.

Jambo ninaloliwazia zaidi ya betri ni ukimya. Wiki za mwanzo niliufurahia, niliweza kuongea na binti yangu kwa sauti ya chini na akanisikia. Halafu siku moja, kwenye maegesho, mzee mmoja alikuwa anatembea mbele yangu na fimbo yake. Nilimfuata polepole nikidhani amenisikia. Alipogeuka na kukuta boneti ya gari iko hatua mbili kutoka mgongoni kwake aliruka, akajikwaa, fimbo ikamtoka. Nilishuka nikamwokotea. Aliniambia, "Mwanangu, mimi macho yangu ni masikio." Umoja wa Ulaya umelazimisha magari haya yawe na kifaa cha kutoa sauti yanapokwenda polepole, aina mpya kuanzia Julai 2019 na magari mapya yote kuanzia Julai 2021. La kwangu linacho, ila kinavuma kwa chini sana na magari ya mwaka wake yalikuwa na swichi ya kukizima, na mimi nilikuwa nimekizima. Nilikiwasha siku ileile na sijakigusa tena. Kwenye maegesho nafungua dirisha na nakwenda kwa mwendo wa mtu.

Afya ya betri naipima kila baada ya miezi mitatu, kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Tuliponunua ilikuwa asilimia 94, leo ni 86. Imeshuka zaidi mwaka wa kwanza, nilipokuwa nalijaza hadi 100 na kuliacha juani siku nzima. Joto na kujaa pamoja ndivyo vinavyoizeesha. Tangu nianze kuishia 80 siku za kawaida na kuegesha kivulini, inashuka pole zaidi. Gari la rafiki yangu lina betri ya aina nyingine, ya chuma na fosfeti, na mwongozo wake unamwambia alijaze hadi 100 angalau mara moja kwa wiki ili kipimo kisipotee, kwa hiyo asije mtu akachukua 80 yangu akaifanya sheria ya wote. Anayenunua lililotumika asidanganywe na kilomita chache. Aombe kipimo cha afya ya betri kabla ya kutoa hela, na muuzaji akikataa kipimo, aondoke.

Mwezi uliopita tulirudi kwa njia ileile ya usiku ule wa kwanza. Chaji ilikuwa 38 tena, kwa bahati tu, na mvua ilikuwepo. Tulipita kituoni, dakika 15, ikafika 71. Binti yangu, aliyekuwa na miaka mitano wakati ule, sasa ana tisa na ndiye anayeshika hesabu. Aliandika kwenye daftari lake: barabara kuu kwa 90, uniti tano, mlima, uniti sita. Akagawa, akatangaza kwamba kileleni tutakuwa na 39.

Tulipofika kileleni skrini ilisoma 38. Aliitazama muda mrefu, akalitazama daftari, kisha akaniuliza, "Mama, uliwasha hewa ya kioo bila kuniambia?"

Nilikuwa nimeiwasha.